Daftari la Vyombo

Siku tuliyomzika Bi Mize binti Hamad
hakuna aliyejua sufuria kubwa iko wapi.

Mchele umeshapetwa. Kuni zimepangwa uani.
Wanawake wa Limbani wamejifunga kanga viunoni,
wananitazama mimi, mke wa mwanawe,
kana kwamba nilizaliwa na ufunguo mkononi.
Miaka arubaini, kila msiba wa mtaa
ulikuwa na mtu mmoja wa kuulizwa,
na mtu huyo leo kalala chumbani,
pamba puani,
hasemi.

Ufunguo tuliukuta kwenye pindo la kanga yake,
ndani ya fundo lile lile la pesa za upatu
ambalo wajukuu walilijaribu kwa meno
wakashindwa.

Chumba cha nyuma kikatufungukia:
sahani mia mbili na kumi na sita,
kila moja na tone la rangi ya kucha chini yake
zisichanganyike na za watu wa Bopwe.
Mabirika. Majamvi. Kopo la ubani.
Rafu tupu ya bafta.
Sanda yake alijinunulia mwaka wa kipindupindu,
akampa maiti asiye na mtu.
Akanunua nyingine, akaitoa.
Tuliyomvisha sisi ni ya nne.

Na daftari, jalada limelowa mafuta.
Skuli hakwenda; aliandika Kiswahili
kwa herufi alizofunzwa chuoni,
kutoka kulia, polepole, kama mtu anayeshona.
Nikamwita Nafua, aliyekhitimu juzi,
akasoma kwa sauti, amesimama juu ya kinu:

*Sufuria ya kati, kwa Shaame Faki, harusi ya bintiye.
Imerudi imetoboka. Nimeiziba. Asiambiwe.*

*Bakuli kumi, kwa Bi Asaa. Zimerudi tisa.
Kaivunja mtoto, na mtoto keshapigwa. Basi.*

*Mkeka wa kuoshea, kwa wageni wa nyumba ya bati.
Hawana jamaa hapa. Wasidaiwe.*

*Jamvi, kwa yule aliyenitukana sokoni.
Kafiwa na mamake. Nimempa lile jipya.*

Uani pakanyamaza.
Bi Chumu, aliyekuwa akimenya vitunguu,
akainama zaidi,
na lawama zote wakapewa vitunguu.

Sisemi alikuwa malaika.
Chumvi yangu aliisema miaka kumi na tisa.
Wanawe walikula ukoko
huku sufuria za mama yao zikizunguka mji
na pilau ya watu.
Mume wangu alipokuwa mdogo
alidhani mama ni mali ya mtaa,
na kwamba wao ndio waliomwazima:
usiku wanapewa,
alfajiri wanamrudisha.

Nafua akafika ukurasa wa mwisho.
Herufi zimeanza kutetemeka, zinapanda mlima.

*Sufuria kubwa iko kwa Khatibu fundi, anaitia mkono.
Siku yangu ikifika naye hajamaliza
(na hatamaliza, namjua)
kaazimeni ya Bopwe. Msione haya.
Wana birika langu tangu Maulidi ya mwaka juzi.*

Mtu akacheka. Sijui nani alianza.
Tulicheka tukishikana mabega, machozi yakitutoka,
hata wanaume barazani wakakohoa
kutukumbusha kuna maiti ndani.
Kisha vijana wanne wakaenda Bopwe
wakarudi na sufuria, na birika ndani yake,
limesuguliwa linang'aa.

Sasa arubaini imeshapita.
Jana magharibi kijana wa Kipangani alibisha hodi,
kofia mkononi, maneno hayamtoki.
Sikumuuliza ni nani aliyefariki.
Nikamhesabia sahani sitini, majamvi mawili,
nikatafuta kalamu.

Mwandiko wangu ni wa skuli,
unatoka kushoto.
Nimeanzia upande wa pili wa daftari;
tutakutana katikati, mimi na yeye,
zikiisha kurasa.

Fundo lake bado silijui.
Ufunguo umeshanidondoka mara mbili.